Mgeni Asiyepewa Jembe

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa Kigoma na Ujiji wanaijua maana yake kwa vitendo, kwani ufuko wao umepokea wageni wa vita kwa zaidi ya nusu karne.

Mauaji yalipoikumba Burundi mwaka 1972, wengi waliokimbilia Tanzania walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakagawiwa mashamba. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe, na kuanzia mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000, wao na wazao wao, walipewa uraia. Jembe lilifanya kazi yake.

Waliofuata hawakujaliwa hivyo. Vita vya Kongo vilipozuka mwaka 1996, watu wa Uvira, Baraka na Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti, risasi zikiwa nyuma yao na mawimbi mbele. Walipofika Kigoma hawakuhitaji mkalimani: Kiswahili kilichowalea ng'ambo ile ndicho kilichowapokea ng'ambo hii. Wakapelekwa Lugufu na Nyarugusu. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, Nyarugusu ingalipo. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae alipopangiwa, asitoke bila kibali.

Mei 2015 ikawa zamu ya Warundi tena. Maelfu kwa maelfu walibanana katika kijiji cha Kagunga, baina ya mlima na maji, kipindupindu kikawazukia. Mitumbwi iliwafikisha kwenye meli kongwe ya Liemba, nayo ikawabeba kwa mamia hadi Kigoma. Wakapumzishwa katika uwanja wa mpira, kisha wakapelekwa Nyarugusu.

Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 sasa ni mtu mzima. Kwao Fizi hakujui ila kwa simulizi za wazazi. Lugha yake ni ya majirani zake wa Kasulu, lakini shamba lao si lake kulilima, na chakula chake ni mgao unaopungua kila wafadhili wanapochoka.

Kambi ilimwokoa, hilo halikanushiki, wala ukarimu wa wenyeji haukanushiki. Lakini kuokoka si kuishi. Wahenga hawakumpa mgeni jembe ili kumtaabisha. Jembe lilikuwa heshima, ishara kwamba sasa anahesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Huko Nyarugusu, siku ya tatu imekawia karibu miaka 30.