“Vaa tu, utakua”

Mzazi mwenzangu, mara ya mwisho ulipomnunulia mwanao viatu, ulichukua vya kumtosha au uliongeza saizi moja ukamwambia, “Vaa tu, utakua”? Usione haya. Mimi niliongeza mbili.

Tunaishi Kisauni. Kijana wangu alikuwa kidato cha pili alipoingiwa na hamu ya trayathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mwaka wa 2000 kule Sydney, na masafa yake huko ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Kuogelea alijifunza baharini tangu utotoni. Baiskeli tulikuwa nayo, ya marehemu babu yake. Kilichokosekana ni viatu.

Jumamosi moja nikaenda Kongowea kwenye mitumba, peke yangu. Nikaona viatu vyeupe, vinang’aa utadhani vimetoka kiwandani jana. “Mali safi hiyo, mzee wangu,” muuzaji akanisifia. Nikatoa shilingi 1,500, nikarudi nyumbani kifua mbele. Kijana alipovivaa vikampwaya, nikamwambia yale yale niliyoambiwa na baba yangu.

Wiki tatu alikimbia kila alfajiri. Nikimwuliza, “Vipi viatu?” hunijibu, “Viko sawa, baba. Ahsante.” Kumbe! Asubuhi moja mama yake alikwenda kumwamsha, mara nikasikia naitwa. Soksi ilikuwa imegandamana na kidonda kisiginoni, na kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akainamisha kichwa. “Nilijua umenunua kwa pesa za maji, baba.”

Msomaji, nilikosa la kusema. Ni kweli, zilikuwa pesa za maji. Mashindano aliyokuwa akiyangojea yalimpita akiwa amevaa kandambili.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kule Roma mwaka wa 1960 akiwa pekupeku. Mwaka wa 1964 alishinda tena kule Tokyo, safari hii akiwa na viatu. Basi kiatu pekee hakimpi mtu ushindi, lakini kisichomfaa humnyima.

Kwa hiyo, ukienda kununua, mchukue mwenye miguu. Nendeni jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana kutwa, hasa kwa joto letu la Mombasa. Avae soksi atakazokimbilia, asimame, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisichomoke akitembea. Kama ni mtumba, bonyeza soli: sponji iliyokauka ikawa ngumu imekwisha kazi, hata kama ngozi ya juu inameremeta. Kisha viweke juu ya meza uvitazame kwa nyuma. Kikilala upande mmoja, kimekwisha kuzoea mguu wa mwingine.

Baiskeli nayo ina mambo yake. Chumvi ya bahari hula chuma, basi kagua maungio ya bomba kabla ya kuvutiwa na rangi. Ile ya babu yake tuliipeleka kwa fundi, akabadilisha breki na cheni, nasi tukaacha kutu ya kwenye rimu ijionee. Barabara yetu ya Malindi imejaa matatu. Heri baiskeli mbaya yenye breki nzuri. Na kofia ngumu ya kukingia kichwa usiinunue kama mtumba, kwa sababu iliyowahi kupigwa huweza kuwa na ufa usioonekana.

Saa za kuhesabu mapigo ya moyo na fulana za bei ziache kwanza. Pesa ikibaki, nunua chupa ya maji. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa Mombasa Machi 2007, kwenye joto na unyevu huu wetu, hata Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, aliacha mbio kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Sidhani Bekele alikosa viatu.

Mwaka uliofuata tulirudi Kongowea, sote wawili, saa kumi na moja jioni. Alijaribu jozi sita. Tuliyoichukua ilikuwa ya buluu iliyochujuka, nami nikajizuia kusema neno. Juma lile aliporudi kutoka mazoezini nikamwuliza tena, “Vipi viatu?”

“Cha kushoto kinabana kidogo juu hapa, baba.”

Tukaketi barazani tukalegeza kamba. Sijui kama aliona jinsi nilivyofurahi.