Daftari la Kamati: Kipi Kiandikwe, Kipi Kisiandikwe



Kila ninapofundisha kikundi husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Bado naamini hivyo. Lakini hapa Masama nimeona daftari lenyewe likimpoteza mtu.

Kikundi kimoja cha ng'ombe wa maziwa hufuata utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambao shirika la Heifer la Marekani, lililoanza mwaka 1944, limeueneza sana nchini. Unapewa mtamba mwenye mimba. Ndama jike wa kwanza unampitisha kwa mwenzako. Mwaka ule mitamba watatu walikuwa tayari, waombaji tisa. Kamati ya uteuzi, watu watano wasiolipwa hata nauli, ilikaa mchana kutwa. Mimi nilikuwa mshauri. Nikamwambia katibu, "Andika kila linalosemwa, asije mtu akalalamika." Akaandika yote: nani ana deni dukani, mume wa nani anazidisha mbege, na mama mmoja kwamba "ni mgonjwa, anatumia dawa kila siku, hataweza kukata majani."

Wiki mbili baadaye mwanachama mmoja aliazima daftari aangalie michango yake. Maneno yakafika soko la Kwa Sadala kabla ya ndizi.

Yule mama akaacha kuja mikutanoni. Nilikwenda kihambani kwake kuomba radhi. Akanipa kigoda, akasema, "Mwanangu, mngeniuliza tu nani atakata majani. Mpwa wangu ndiye anayekata tangu mwaka juzi." Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumetoa siri yake nje, na sababu yenyewe haikuwa kweli.

Kamati ikaogopa, ikaacha kuandika kabisa. Awamu iliyofuata mtamba mmoja alikwenda kwa shemeji wa mjumbe. Labda alistahili, lakini hakukuwa na karatasi ya kuonyesha. Wanachama wanne wakatoa hisa zao, wakaondoka.

Tangu hapo nashauri hivi:

1. Kabla ya maombi, kikundi kizima kikubaliane vigezo na kuvibandika ukutani: banda, eneo la majani, maji, mafunzo, na mtu wa kumhudumia ng'ombe.

2. Daftari la maamuzi liwe na tarehe, waliohudhuria, idadi ya kura, waliochaguliwa na alama zao kwa kila kigezo. Hili kila mwanachama alisome.

3. Ugonjwa, deni na ugomvi wa nyumbani visiandikwe. Mkiwa na shaka, ulizeni kwa kigezo: "Nani atakata majani?" Andikeni jibu la mwombaji, si maneno ya jirani.

4. Fomu na alama za kila mwombaji zikae kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kama vikundi vya kuweka na kukopa vinavyofanya. Mwombaji akitaka kuona ya kwake, aonyeshwe. Aliyekosa aambiwe sababu, na afanye nini ili apate awamu ijayo.

5. Mjumbe ambaye ndugu yake anaomba atoke nje wakati wa kujadili, na kutoka kwake kuandikwe.

Msione haya ni ya mjini tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kipimo changu siku hizi ni kimoja. Kabla katibu hajaandika sentensi juu ya mtu, namuuliza: utaweza kuisoma mwenyewe akiwa ameketi hapa? Kama hawezi, aweke kalamu chini.

Yule mama nimempelekea fomu mpya kwa mkono wangu. Hajairudisha.