Futari Kilimani Nabugoye



Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu bila kukiandika. Baadhi ya masheikh wenzangu wanakijua na hawakukipenda. Naamini kinazihusu nyumba zetu, hasa wale wenye watoto waliokwenda kusoma mbali, kwa hivyo leo nimeamua kukitoa.

Katika Ramadhani ya mwaka 2022, binti yangu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kiislamu mjini Mbale, Uganda, alinipigia simu baada ya Alasiri kuomba ruhusa. Mwenzake wa chumbani, msichana Mwislamu wa huko huko, alikuwa amemwalika kwa bibi yake jioni ya Ijumaa. Nikamuuliza kuna nini Ijumaa. Akasita, kisha akasema, “Baba, ni Pasaka. Si ya Wakristo. Ni ya Mayahudi.”

Nilimjibu kwa ukali. Nilimtajia kauli ipokewayo kutoka kwa Sayyidna Umar ya kuonya watu wasiingie katika nyumba za ibada za wengine siku za sikukuu zao, nikamwambia sikumpeleka chuo cha Kiislamu ili aende kusherehekea na Mayahudi. Bibi huyo ni nani, sikuuliza. Akasema, “Inshallah, Baba,” na mazungumzo yakaishia hapo. Hakwenda. Lakini kwa miezi mingi baadaye simu zetu zikawa za karo na afya tu. Mzazi aliyewahi kupewa majibu mafupi na mwanawe anajua ninachokisema.

Mwaka uliofuata, Ramadhani tena, wanafunzi wa Mbale walinialika kuwapa darsa kwa siku chache. Siku ya pili, baada ya sala ya Adhuhuri, mzee mmoja mwenye kanzu iliyofuliwa vizuri alinishika mkono na hakuuachia. Akaniambia kwa Kiswahili cha sokoni, “Sheikh, wewe ndiye uliyemkataza binti asije kwa dada yangu.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Mzee huyu wa safu ya mbele msikitini alikuwa babu wa yule mwenzake binti yangu, na dada yake wa tumbo moja alikuwa Yahudi wa kilima cha Nabugoye.

Hapa yanibidi nieleze, maana wengi wetu hatujui kwamba majirani zetu wa Uganda wana Mayahudi weusi kama sisi. Wanaitwa Abayudaya. Aliyewaanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala nchi ya mashariki, kisha wakamvunja moyo. (Asichanganywe na Mwanamfalme Badru Kakungulu, kiongozi mkubwa wa Waislamu wa Uganda.) Semei aliisoma Biblia, akaona amri ya tohara, akaambiwa kwamba hayo ni mambo ya Mayahudi. Akasema kama ni hivyo, basi yeye ni Yahudi. Mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Jamii yake ikakua hadi watu elfu kadhaa.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, mtu aliyejinasibu na dini yetu. Masinagogi yalifungwa na ibada zao zikapigwa marufuku. Wengi wao waliingia Ukristo au Uislamu, na waliobakia kwenye dini yao wakawa mamia machache. Mzee wangu wa kanzu alikuwa mmoja wa walioingia Uislamu. “Niliingia kwa khofu, Sheikh,” aliniambia. “Nikabaki kwa mapenzi. Dada yangu hakuingia. Alikuwa akiomba chini ya mgomba.”

Nimesomesha miaka mingi kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Siku ile nilikuwa nimeshikwa mkono na mtu ambaye jambo hilo lilimpitia mwilini, na nilikuwa nimemkataza mwanangu kula kwa jamaa zake. Kuunga udugu ni wajibu, hata kwa jamaa asiye Mwislamu. Yule msichana alikuwa akiuunga. Mimi ndiye niliyesimama njiani.

Nikamuuliza mzee Pasaka yao ni lini. Akacheka. “Kesho.”

Nilikwenda na binti yangu, mwenzake na mzee. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba sitaingia katika sala yao, na mzee akasema hata yeye haingii. Sinagogi lao la sasa, jengo kubwa la matofali lililofunguliwa mwaka 2016, liko juu kilimani. Wao walipoingia ndani, sisi tulitandika mkeka nje. Jua likazama, tukafungua kwa tende nilizotoka nazo Mombasa, tukasali Magharibi. Upepo ulituletea nyimbo zao, nyingine kwa Kiebrania, nyingine kwa Luganda. Binti yangu alisali nyuma yangu. Tangu mwaka uliopita hatujawahi kuwa karibu namna ile.

Mwezi ulikuwa mpevu. Mayahudi nao huhesabu miezi ya mwandamo, ila huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isitoke katika majira yake. Sisi tumekatazwa kuisogeza miezi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka mwaka mzima, na ikakutana na Pasaka kwa miaka michache kisha zikaachana. Katikati ya mwezi hakuna ugomvi. Hakuna aliyeuliza umeonekana wapi.

Watu walipotoka tuliketi pamoja uani, familia kwa familia. Bibi yule, Jajja kama wanavyowaita mabibi huko, alinikaribisha kwa magoti, nikaona haya. Kuku alichinjwa na mchinjaji wao kwa jina la Mungu na damu ikamwagwa, na chakula cha Watu wa Kitabu tumehalalishiwa katika Suratul Maida. Badala ya mvinyo sisi tuliwekewa sharubati. Kulikuwa na mkate mkavu usiotiwa hamira, mfano wa chapati iliyosahauliwa juani, kwa kukumbuka kwamba Bani Israil waliondoka Misri kwa haraka hata unga haukupata kuumuka. Kulikuwa na majani machungu kwa ajili ya utumwa, na maji ya chumvi kwa ajili ya machozi.

Kisha mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka sita hivi, akasimama. Sikukuu ile haianzi mpaka mtoto aulize. Akauliza kwa nini usiku ule mkate ni ule, kwa nini mboga chungu, kwa nini wanachovya mara mbili, na watu wazima wote, na walimu wao wakiwemo, wakawajibika kumjibu. Kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Firauni kikasimuliwa chote, huku watoto wakikatiza na kusahihisha. Binti yangu akinitafsiria sikioni. Nilikumbuka chuo nilichosomea, ambako mtoto mwenye maswali alionja bakora, na nikakumbuka kwamba baadhi ya bakora hizo nilizishika mwenyewe baadaye.

Walipofika kwenye maafa yaliyowapata watu wa Misri, kila mmoja alichovya kidole katika kikombe chake na kudondosha tone, maafa kumi kwa matone kumi. Nikamuuliza Jajja maana yake. Akasema kikombe ni furaha, na furaha ya kuokolewa hupunguzwa, kwa sababu waliozama nao ni viumbe wa Mungu.

Alinisimulia pia kwamba Kampala iliangukia mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania tarehe 11 Aprili 1979, na usiku ule ule ulikuwa wa kwanza wa Pasaka. Ndugu yake alikuwa kando yetu akitafuna mkate ule. “Tangu siku hiyo,” akasema Jajja, “yeye huja Pasaka, nami hupika siku ya Idi. Hatuulizani.”

Usiku tukirudi mjini nilimwomba radhi mwanangu. Alilia, nami sikuwa mbali.

Fiqhi yangu ni fupi. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga siku ya Ashura kwa kushukuru kuokolewa kwa Musa, akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha watu wafunge. Baadaye akaazimia kuongeza siku ya tisa ili tusifanane nao. Mambo yote mawili ni sunna, kukutana nao katika shukrani na kubaki sisi ni sisi. Asiyekubali kwamba kuketi kwangu uani kunaingia humo ana hoja zake, nami naziheshimu.

Kisha ikafika Oktoba 2023. Katika darsa ya akina mama, mmoja alisimama akaniuliza waziwazi, “Sheikh, wale uliofuturu kwao wanasemaje kuhusu watoto wa Gaza?” Sikuwa na jibu. Nilimpigia mzee, naye akampa simu dada yake. Tulizungumza kwa tabu. Yeye alitaja waliouawa na waliochukuliwa mateka. Mimi nikataja waliokuwa wakifukiwa Gaza kila siku. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Nilitamani kumuuliza juu ya yale matone, sikuthubutu. Tukanyamaza, salio likiisha, kisha akauliza kama binti yangu amekwisha mitihani. Nikamwambia amefaulu. Akasema, “Alhamdulillah,” kwa lugha yetu.

Nilirudi darsani nikawaeleza akina mama hivyo hivyo kama ilivyokuwa. Wapo walioridhika, wapo wasioridhika. Siku ya Idi iliyofuata, ujumbe wa kwanza katika simu ya binti yangu ulitoka Nabugoye.

Ashura ya mwaka 1446 nyumbani kwangu tulifanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Tulipokwisha kufuturu nilimwambia kitinda mimba wangu, mwenye miaka saba, aulize kwa nini tumefunga. Akauliza. Mimi, mama yake na dada zake tukamsimulia kwa zamu, fimbo, bahari, Firauni na jeshi lake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Na farasi je, Baba? Wao walikosa nini?”

Mama yake akamwambia anywe uji kwanza.