Mizani Peke Yake Haitoshi

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi, wazazi wenzetu wa Bukavu, tuulizane leo: mipango ya chakula cha watoto inayoletwa mitaani mwetu, tutajuaje kama yafaa?

Kila mara tunaona mambo yale yale. Watoto wapimwa uzito, akina mama wapewa unga wa uji, na mwisho wa mwaka twasomewa hesabu: watoto wangapi walipimwa, magunia mangapi yaligawanywa. Nasi twapiga makofi. Lakini hesabu hiyo yatuonyesha jasho la wafanya kazi tu. Faida ya mtoto hatujaiona bado.

Tutazame Lwiro, katika Kabare, kaskazini ya mji wetu. Kwa miaka mingi hospitali ya hapo imetibu watoto wenye kwashiorkor. Waganga wakafanya jambo la akili: wakawatafuta tena watu waliotibiwa huko utotoni kati ya 1988 na 2007, wakawapima wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakuugua hivyo. Wakaona nini? Waliougua walikuwa wafupi zaidi, na masomo yao hayakufika mbali. Tena, ajabu, mafuta ya tumboni yalizidi kwao, pamoja na dalili zinazotangulia ugonjwa wa sukari na wa moyo.

Kumbe njaa ya utotoni na kitambi cha ukubwani ni ndugu! Nasi jambo hili latuhusu sana. Uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo nzima watoto 43 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Katika Kivu ya Kusini walipita nusu. Mtoto wa namna hiyo, ukimshibisha mandazi na vinywaji vya sukari, uzito utapanda, kimo kitabaki palepale. Mizani itasifu, majirani watasema amenawiri, kumbe mwili wake wajengewa maradhi.

Kwa hiyo, mpango mpya ukifika katika shirika lenu, ulizeni mambo matatu. La kwanza: je, watapima kimo pamoja na uzito? La pili: magunia yakiisha, chungu cha nyumbani kitakuwa kimebadilika? Je, mtoto atapata maharagwe, lengalenga na sambaza wa ziwani, au atarudia bugali mtupu? La tatu: nani atarudi baada ya mwaka mmoja, na baada ya mitano, kuwatazama watoto hao na kuwalinganisha na wale wa mtaa usiopata msaada?

Tusione haya kuuliza. Mwenye kuleta msaada wa kweli hatachukia maswali yetu, maana yeye pia ataka kujua kama kazi yake imezaa. Na akina baba wasiwaachie mama peke yao maswali hayo: fedha ya sambaza mara nyingi imo mfukoni mwao.