Injinia, Imerudia

Mjomba haniiti kwa jina langu. Huniita Injinia, tangu siku barua ya chuo ilipofika nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba niliacha masomo mwaka wa tatu. Mimi ndiye niliyefaa kumwambia. Nusu ya karo ilitoka kwenye gari lake, lile la viti vitano linalobeba watu tisa kati ya Narok na Mai Mahiu. Unalijua. Karo ya mwisho aliyotuma nililipia nyumba, nikanyamaza.

Mwezi wa tatu alinitumia kompyuta ya gari kwa matatu, imefungwa ndani ya mfuko wa unga. Injini ilikuwa inamisi, silinda ya tatu imekufa. Fundi wa huko alimwambia anunue kompyuta nyingine. "Huyo hajasoma," mjomba akasema. "Wewe angalia."

Niliifungulia kwenye meza ninayoandikia. Harufu ilifika kabla ya macho. Kando ya soketi kulikuwa na transista nne kwenye mstari, moja kwa kila injekta, na ya tatu ilikuwa imepasuka tumbo, bodi chini yake nyeusi kama sufuria ya githeri. Nambari yake ilikuwa imeungua, lakini ndugu zake watatu walikuwa na nambari moja, kwa hivyo nikaenda Luthuli Avenue nikanunua ya kufanana nao kwa shilingi 150. Nikang'oa iliyokufa, nikasugua masizi, nikaunga njia iliyokatika kwa waya mwembamba, nikachomelea. Sikuwa nimefanya hivyo kwa miaka miwili. Mikono ilikumbuka. Niliona raha, sidanganyi. Hata nilipiga picha.

Gari liliwaka. Mjomba alinirekodia sauti ya injini pekee, sekunde 40, bila neno.

Kesho yake, akiwa na abiria tisa karibu na Suswa: "Injinia, imerudia."

Transista ileile, weusi uleule. Nikaibeba hadi Luthuli kwa fundi mmoja wa ghorofani. Hata hakuigusa. "Injekta ulipima?"

Sikuwa nimepima. Na hilo ni moja ya mambo machache ya darasani ninayoyakumbuka vizuri. Injekta ni koili. Inapata moto wa volti 12 ikishawashwa swichi. Kazi ya transista ni kuifungulia na kuifungia njia ya kwenda ethi, mara nyingi kila sekunde. Koili ikiungua ndani, waya zake zikagusana, ukinzani unashuka na mkondo wote wa ziada unapita kwa transista. Mimi nilikuwa nimezika maiti nikaacha muuaji chini ya boneti.

Nikampigia mjomba wachomoe soketi za injekta wapime moja moja. Aliyepima ni yule fundi ambaye hajasoma. Mita alikuwa nayo siku zote. Ya kwanza, omu 14. Ya pili 14. Ya nne 14. Ya tatu, 2.

Volti 12 kwa omu 14 haifiki ampea moja. Kwa omu 2 ni ampea 6. Fyuzi ya 15 haiwezi kushtuka kwa hizo, kwa sababu imewekwa kulinda waya. Ningebadilisha transista kila wiki hadi Krismasi.

Nilitafuta injekta ya mitumba Kirinyaga Road, nikaipima hapohapo dukani mwenye duka akinitazama vibaya, nikaituma pamoja na kompyuta yenye transista mpya. Siku nne zikapita bila simu. Ya tano ikaingia M-Pesa, shilingi 3,000, na ujumbe nyuma yake: "Ongezea karo."

Niliusoma mara mbili, kisha nikampigia. Aliposhika nilisikia injini nyuma yake, imetulia, silinda zote nne.

"Injinia!"

Nikamwomba azime gari kwanza.