Hemoglobini ya 112

Nasimamia tafiti za wanafunzi wa udaktari hapa Dar es Salaam, na wenzangu hupenda kusema kwamba vijana hawa wamezaliwa na kompyuta. Mimi nasema wamezaliwa na simu. Kwenye raundi, sijamaliza kutaja dawa, mmoja ameshafungua Medscape ananisomea dozi ya mtoto kwa kilo. Hilo nalifurahia, sisi tuligombania kitabu kimoja maktaba.

Ila mpe huyohuyo kompyuta mpakato na rejista ya wagonjwa ya MTUHA, umwambie aingize wagonjwa kwenye Excel. Safu ya umri ina “34”, chini yake “miezi 8”, chini yake 99 kwa asiyejulikana umri, na hiyo 99 inaingia kwenye wastani kana kwamba ni bibi kizee kweli. Balaa kubwa ni tarehe. Kompyuta nyingi hupangwa Kimarekani, mwezi mbele ya siku. Aliyelazwa 03/04, yaani tarehe 3 Aprili, anasomeka Machi 4. Ikifika 25/04 programu haioni mwezi wa 25, inaiacha kama maandishi tu. Hakuna kengele inayolia. Mwanafunzi anabonyeza, jibu linatoka, analinakili. Nimeletewa wagonjwa walioruhusiwa kabla ya kulazwa.

Wakikwama wanakimbilia stesheneri. Karibu na vyuo hakosekani kijana hodari wa SPSS, anayekuchambulia takwimu na kukupangia jedwali kwa malipo. Simlaumu, kazi yake anaijua. Asichojua ni kwamba hemoglobini ya 112 kwenye safu ya gramu kwa desilita ni 11.2 iliyopoteza nukta. Anayejua ni mwanafunzi, na mwanafunzi hayupo, amekwenda wodini. Kusafisha takwimu ni kazi ya kitabibu, tumeiacha kwa asiyewahi kupima damu.

Siku hizi sipokei matokeo kabla ya kuona faili ghafi. Tunakaa pamoja na mwanafunzi, tunapanga kila safu kuanzia ndogo hadi kubwa, na vituko vinajikusanya juu na chini. Kisha anarudi kwenye rejista na kusahihisha, si kwa kubahatisha.

Somo la kompyuta wanalipata mwaka wa kwanza, kabla hawajagusa mgonjwa, wakijifunza kukoleza herufi. Ningelihamishia mwaka wa tatu, wanapoingia wodini, na mazoezi yake yatoke kwenye rejista za wodi hizohizo.