Daftari Ambalo Jirani Hawezi Kulifungua

Swali linalonifikia mara nyingi siku hizi, hasa kutoka kwa akina mama wenye watoto wadogo, ni hili: mtu akitaka kujua kama jirani wa ghorofa ya tatu, au dereva anayewapeleka watoto shule, amewahi kufungwa kwa kubaka au kunajisi mtoto, aangalie wapi? Naulizwa mimi kwa sababu ni mhandisi, na kwa wengi wetu mhandisi ni mtu anayejua kila jambo lililopita karibu na kompyuta. Swali lilizidi mwaka 2025, baada ya Waziri wa Sheria wa Afrika Kusini, Mmamoloko Kubayi, kutangaza kwamba daftari la taifa la wahalifu wa makosa ya kujamiiana lingefunguliwa kwa umma kabla ya Februari kwisha. Februari ikaisha, daftari halikufunguliwa. Likazuka suala la sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi, na wanaoisimamia sheria hiyo wakawa na maswali yao. Lakini tangazo lilikwisha kusikika, na kama ilivyo desturi yetu, wengi tulisikia nusu ya kwanza tu.

Jibu langu kwa akina mama hao huwa fupi na haliwafurahishi: kwa sheria ilivyoandikwa, wewe kama jirani huwezi. Daftari hili limetokana na Sheria Na. 32 ya mwaka 2007, likaanza kufanya kazi mwaka 2009. Mwanzoni liliandika waliohukumiwa kwa makosa dhidi ya watoto na watu wenye ulemavu wa akili. Sheria Na. 13 ya mwaka 2021 ilipoanza kutumika tarehe 31 Julai 2022, daftari likapanuliwa ili liwachukue wote waliohukumiwa kwa makosa hayo, awe aliyetendewa ni mtoto au mtu mzima. Yaliyomo ni siri, na afisa anayeyatoa nje kinyume cha sheria anatenda kosa yeye mwenyewe.

Ndugu zetu walio Marekani hushangaa wakisikia hivi. Kule mtu huandika namba ya mtaa wake kwenye kompyuta akaletewa picha, majina na anwani za waliohukumiwa wanaoishi karibu naye. Hilo lilitokana na msiba wa mtoto wa miaka 7, Megan Kanka, aliyeuawa mwaka 1994 huko New Jersey na jirani aliyekuwa amekwisha kuhukumiwa kabla ya hapo kwa makosa dhidi ya watoto, na wazazi wake hawakuwa na habari. Sheria ya taifa yenye jina la mtoto huyo ilipita mwaka 1996. Waingereza wamechukua njia ya katikati. Tangu mwaka 2011 mzazi wa Uingereza na Wales anaweza kwenda polisi akauliza habari za mtu fulani anayekaa karibu na mwanawe. Polisi huchunguza, kisha huamua kama kuna haja ya kumwambia, na akiambiwa hana ruhusa ya kuyatangaza sokoni.

Waingereza walikuwa na sababu ya kuogopa soko. Mwaka 2000, baada ya kuuawa kwa mtoto wa miaka 8, Sarah Payne, gazeti la News of the World lilianza kuchapa majina na picha za waliowahi kuhukumiwa. Katika mtaa wa Paulsgrove, mjini Portsmouth, makundi ya watu yaliingia barabarani usiku baada ya usiku. Na kule Wales, daktari wa watoto alikuta nyumba yake imeandikwa rangi ya matusi, kwa sababu katika Kiingereza jina la kazi yake na jina la kosa lile huanza kwa namna moja, na aliyeshika rangi hakufika mwisho wa neno.

Habari hiyo hunirudia kila ninaposikia watu wa Yeoville au Mayfair wakidai daftari libandikwe ukutani. Sisi ni wageni hapa. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, kilomita chache tu kutoka maduka ya Sandton, yakaenea, na watu 62 wakapoteza maisha. Sasa tazama majina yetu. Akina Juma Ali na Hassan Mohamed katika jiji hili ni wangapi? Daftari humtambua mtu kwa namba ya kitambulisho, lakini umati haujawahi kumwomba mtu namba ya kitambulisho kabla ya kurusha jiwe. Msimamo wangu, na najua wapo wasomaji watakaokasirika, ni kwamba heri mlango huu ubaki umefungwa kwa umati, kwa sharti kwamba sisi tujifunze kutumia dirisha lililopo. Dirisha lipo, na karibu hakuna anayelitumia.

Dirisha lenyewe ni hili. Sheria inamlazimisha mwajiri, kabla ya kumweka mtu karibu na watoto, aombe cheti kwa msajili wa daftari kinachosema kama mtu huyo ameandikwa au la. Fomu inaitwa Fomu 8, nayo huambatana na nakala ya kitambulisho iliyothibitishwa. Na neno "mwajiri" humo halina maana ya kampuni yenye mlango wa vioo tu. Klabu ya mpira imo, chama kimo, anayemwajiri yaya nyumbani kwake yumo, na anayejitolea bila mshahara naye huhesabiwa kama mwajiriwa. Kwa hiyo madrasa ya jioni ni mwajiri. Shule ya Jumapili ni mwajiri. Darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, ambalo tulidhani ni shughuli ya kindugu tu, ni mwajiri. Asiyeomba cheti anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miaka saba. Sheria pia inamruhusu mfanyakazi kuomba cheti chake mwenyewe, na hapo ndipo mama wa dereva wa shule anapata la kufanya: hawezi kumchungulia dereva kwa siri, lakini anaweza kumwambia waziwazi, kaka, tuletee cheti chako, nasi wazazi wote tutakiona.

Kwenye darasa letu jambo hili halikupita kwa urahisi. Kamati ilipogawa fomu, mzee mmoja anayefundisha insha, mtu wa miaka sabini na kitu, aliiweka yake mezani bila kuigusa tena.

"Mwanangu," aliniambia, "nimefundisha miaka arobaini. Leo mnaniandikia mambo ya ubakaji?"

Nilitaka kumweleza vifungu vya sheria, lakini mwenyekiti wetu, ambaye ni mama mwenye busara kuliko kamati nzima, aliniwahi. "Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa walikwisha kuamkiana asubuhi. "Fomu ya kwanza ni yangu, hii hapa nimekwisha kuijaza. Ya pili ni ya mhandisi. Yako tunaiomba ya tatu, ili vijana wasipate pa kusemea." Mzee aliichukua. Wiki iliyofuata aliileta imejazwa kwa hati nzuri ya wino, akasahihisha na makosa mawili ya tahajia katika barua yetu ya kuambatanisha.

Mtu mmoja hakurudisha fomu. Hakusema neno, aliacha tu kuja. Maneno yakaanza, na watu wawili watatu walitaka nipige simu huku na huku kumchunguza. Nilikataa. Huenda karatasi zake za ukaazi hazikuwa sawa na aliogopa kupeleka jina lake ofisi yoyote ya serikali, na wasomaji wa ukurasa huu wanajua hofu hiyo ilivyo. Huenda alichoka. Huenda ni jambo jingine. Sisi tulichohitaji ni kwamba asiyeleta cheti hafundishi watoto, basi. Hatukuhitaji hadithi.

Kuna daftari la pili ambalo wengi hawajalisikia, nalo naliona la maana vilevile. Hilo linatunzwa na Wizara ya Maendeleo ya Jamii chini ya Sheria ya Watoto Na. 38 ya mwaka 2005, na Sehemu B yake ina majina ya watu walioamuliwa kuwa hawafai kufanya kazi na watoto. Tofauti ni kwamba mtu anaweza kuingia humo bila hukumu ya jinai: mahakama ya watoto, au hata kikao halali cha nidhamu kazini, kinaweza kumkuta hafai. Mwalimu aliyemtesa mtoto akafukuzwa, lakini kesi ya jinai ikafa kwa kukosa mashahidi, huenda daftari la kwanza halimjui kabisa na la pili linamjua. Mwajiri huuliza kwa Fomu 30, anayejiulizia mwenyewe hutumia Fomu 29. Ukiomba cheti kimoja ukaacha kingine, umefunga mlango wa mbele tu.

Lakini hata vyeti vyote viwili visitulevye. Katika kazi yangu tuna kanuni kwamba king'ora kilichonyamaza si ushahidi kuwa hakuna moto, kwani huenda waya umekatika. Daftari lina majina ya waliohukumiwa. Polisi wa nchi hii huandikisha zaidi ya makosa 40,000 ya ubakaji kwa mwaka, na mengi hayafiki hukumuni. Zaidi ya hayo, wengi wetu tumekuja hapa tukiwa watu wazima. Aliyehukumiwa Mwanza, Mombasa au Bukavu anaweza kisheria kuandikwa hapa, ila daftari haliwezi kuandika taarifa ambayo haikulifikia. Ndiyo maana kamati yetu huomba pia cheti cha polisi cha nchi mtu alikotoka. Na baada ya karatasi zote tulifanya jambo la kifundi: tulikata tundu katika mlango wa darasa tukaweka kioo, na watu wazima huwa wawili siku zote. Gharama yake haikufikia bei ya sahani za sherehe ya mwaka mpya.

Daftari nalo si kisu kinachokata upande mmoja. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba, iliyo hapa hapa Braamfontein kwenye kilima cha gereza la zamani, iliamua kwamba si halali kuliandika jina la mtoto aliyetenda kosa moja kwa moja, bila mahakama kupata nafasi ya kupima hali yake. Nilipolieleza hili darasani baba mmoja aliguna. Nilimuuliza mwanawe ana miaka mingapi. Kumi na minne, akasema, na hakuguna tena.

Lililo gumu zaidi kwetu halimo katika daftari lolote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tunamwogopa jirani wa ghorofa ya tatu, ilhali mtoto huumizwa mara nyingi na mtu anayemwita mjomba, binamu au mpangaji wetu. Na likitokea, desturi tuliyokuja nayo ni kuita wazee, kutoza faini, kumhamisha kijana kwenda Durban kwa shangazi yake, na kuomba jina la ukoo lisichafuke. Kifungu cha 54 cha sheria ileile ya 2007 kinasema kila mwenye habari kwamba mtoto ametendewa kosa la kujamiiana lazima aripoti polisi mara moja. Kunyamaza ni jinai, kifungo chake hadi miaka mitano, na kikao cha wazee hakimwondolei yeyote wajibu huo. Asiyejua pa kuanzia, namba ya Childline ni 116, na hapa Johannesburg kuna kliniki ya Teddy Bear inayowahudumia watoto waliotendewa hivyo.

Niliwahi kualikwa katika kikao cha aina hiyo, kwenye sebule iliyojaa viatu mlangoni. Kiasi cha faini kilikwisha kutajwa nilipofika. Nilikisoma kifungu cha 54 kwa sauti, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, na wazee wawili wakaondoka kwa hasira. Mama wa mtoto hakusema kitu. Aliinuka, akachukua koti la bintiye msumarini, wakaenda kituo cha polisi jioni ileile. Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Aliyehukumiwa, kwa agizo la sheria, jina lake linapaswa kuwa limo katika lile daftari, nami sina njia ya kuliangalia.